Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu: Ngozi ya Mpira ya Nyambizi na Bahari Yetu

Nyambizi ya kisasa huvaa ngozi ya mpira. Juu ya bamba la chuma hubandikwa vigae vya mpira, kimoja kando ya kingine, kuanzia kichwani hadi karibu na rafadha. Vigae hivyo havikuwekwa kuzuia kutu, wala si urembo. Kazi yake ni kumeza sauti. Sauti inayotumwa na adui humezwa kabla haijarudi kwake ikiwa mwangwi, na sauti ya mitambo ya ndani huzuiwa isivuje nje. Katika majeshi makubwa ya majini, namna vigae hivyo vinavyotengenezwa ni siri inayolindwa karibu sawa na makombora yenyewe.

Huenda msomaji akajiuliza: mpira wa nyambizi unatuhusu nini? Tanzania haina nyambizi hata moja, Kenya haina, wala hatuna mpango wa kuzinunua. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuandika. Dai langu ni kwamba ukimya wa nyambizi za wakubwa hulipiwa kwa kelele, na kelele hiyo humwagwa katika bahari za watu ambao hawakuulizwa. Sheria ya bahari, ambayo Waafrika walishiriki kuitunga, imewaachia wenye manowari mlango wazi. Nasi tumejizoesha kuuona mlango huo kuwa si wetu, na hivyo hatuthubutu hata kuuliza nani anapita.

Tuanze na sayansi, kwa maana siasa isiyojua sayansi huishia kuwa manung'uniko. Chini ya maji jicho halifai kitu. Mwanga hufifia upesi, na mawimbi ya kawaida ya redio hayafiki mbali. Sauti, kinyume chake, husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na huweza kwenda mamia ya kilomita ikiwa ni nzito ya kutosha. Kwa hiyo mwindaji wa nyambizi ana njia mbili. Ya kwanza ni kukaa kimya na kusikiliza: injini, pampu, rafadha, hata chombo kilichoanguka jikoni. Ya pili ni kupiga ukelele na kungoja mwangwi, kama afanyavyo popo gizani. Mtambo unaofanya kazi hizo huitwa sona.

Chuma kitupu hurudisha ukelele huo vizuri sana. Mpira uliotengenezwa kwa ustadi haufanyi hivyo. Tabia yake mbele ya sauti hukaribiana na ile ya maji, hivyo wimbi la sauti huingia ndani badala ya kudunda. Likishaingia hukutana na vishimo vidogo vya hewa vilivyoachwa kwa makusudi. Mpira unaovizunguka hunyumbuka na kujikunja, na nguvu ya sauti huishia kuwa joto dogo lisilomdhuru mtu. Kinachosalia kurudi kwa mwindaji ni mwangwi hafifu.

Lakini sayansi hiyohiyo ina masharti yake. Sauti ya hezi 10,000 ina wimbi lenye urefu wa sentimita 15 majini. Sauti ya hezi 1,000 ina wimbi la mita 1.5. Sauti nzito ya hezi 100 ina wimbi la mita 15. Kigae chenye unene wa sentimita chache kinaweza kuliandama wimbi fupi, lakini wimbi la mita 15 hupita juu yake kama bahari ipitavyo juu ya kokoto. Isitoshe, nyambizi inapozama zaidi, mgandamizo wa maji huvifinya vile vishimo vya hewa na kubadili kazi yake. Msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya mawimbi, kwa sababu ndiyo itakayotueleza kwa nini nyangumi hufa.

Historia nayo ina la kusema. Waliotangulia kuvisha nyambizi mpira ni Wajerumani wa utawala wa Hitler. Walianza majaribio mwaka 1940, wakatumia karatasi za mpira wa kutengenezwa kiwandani, zenye matundu na unene wa takriban milimita 4, wakaziita Alberich, jina la mbilikimo wa hekaya za Kijerumani aliyekuwa na vazi la kumfanya asionekane. Kazi haikuwa rahisi. Gundi haikushika, na karatasi zilibanduka baharini. Nyambizi mojawapo iliyokwenda vitani ikiwa imevikwa vazi hilo ilikuwa U-480, ambayo mwezi Agosti 1944 ilizamisha meli nne katika mlangobahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa. Mwanzoni mwa 1945 nayo ikazama pamoja na mabaharia wake wote, baada ya kuingia katika eneo lililotegwa mabomu na Waingereza. Bomu la kutegwa halisikilizi mwangwi.

Mpira ule ulitoka kwa shirika la kemikali la IG Farben. Shirika hilohilo ndilo lililojenga kiwanda cha mpira huko Monowitz, kando ya kambi ya Auschwitz, kwa jasho la wafungwa waliofanyishwa kazi hadi kufa, maelfu kwa maelfu. Sisemi kwamba karatasi za Alberich zilitoka katika kiwanda kile. Kiwanda kile hakikuwahi kutoa mpira wake kabla vita havijakwisha. Nasema kwamba tangu siku ya kwanza, ukimya wa nyambizi ulikuwa bidhaa ya taasisi zilizoamini kwamba wapo watu ambao gharama inaweza kutupwa juu yao bila kuwauliza. Majina ya taasisi yamebadilika. Tabia ile ya kutupa gharama haijafa.

Baada ya vita, washindi waliyachukua maarifa hayo. Wasovieti walivisha nyambizi zao vigae wakati wa Vita Baridi, Waingereza wakafuata, na katika miaka ya 1980 Wamarekani wakawa wamejiunga. Sambamba na vigae, rafadha zilichongwa upya na mitambo ikawekwa juu ya vikalio vinavyomeza mtetemo. Mambo hayo yalipounganishwa, nyambizi zikawa kimya mno kiasi kwamba kusikiliza peke yake hakukutosha. Hapo ndipo wawindaji waliporejea kwenye ukelele, na wakaufanya kuwa mzito zaidi na wenye nguvu zaidi. Jeshi la Majini la Marekani lilibuni mtambo unaotangaza sauti kati ya hezi 100 na 500, na lilieleza hadharani sababu yake: nyambizi za kisasa ni kimya mno. Rejea sasa hesabu yetu ya mawimbi. Mpira ukishinda sauti nyembamba, jibu ni kutumia sauti nzito ambayo mpira hauiwezi, na sauti nzito ndiyo isafirio mbali zaidi baharini. Kila tabaka la ukimya linazaa ukelele mpya. Wazee walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nao hawakuwa wakizungumzia nyambizi.

Wa kwanza kuupokea mshindo huo si adui. Mwezi Mei 1996, wakati chombo cha utafiti cha NATO kikijaribu sona katika Ghuba ya Kyparissia nchini Ugiriki, zaidi ya nyangumi 10 wa jamii ya wapigambizi wa kina kirefu walikwama pwani. Mwezi Machi 2000 wanyama 17 wa jamii ya nyangumi na pomboo walikwama katika visiwa vya Bahamas, na ripoti iliyoandaliwa na Jeshi la Majini la Marekani lenyewe pamoja na idara ya bahari ya nchi hiyo ilikiri kwamba sona za manowari zilizopita hapo ndizo chanzo kilichoelekea zaidi kuwa cha kweli. Mwezi Septemba 2002 nyangumi 14 walikwama katika Visiwa vya Kanari wakati wa mazoezi ya kijeshi ya kimataifa, na wataalamu waliowapasua walikuta mapovu ya gesi ndani ya viungo vyao, mithili ya mzamiaji aliyeibuka upesi kupita kiasi. Hispania ilipiga marufuku sona hizo kuzunguka visiwa hivyo mwaka 2004. Watafiti walipoandika kuhusu jambo hilo mwaka 2013, vifo vya makundi vya aina ile vilikuwa havijarudi tena pale. Huo ni ushahidi ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuuelewa: kilipoondolewa kisababishi, athari nayo ikakoma.

Sasa turudi nyumbani. Mwezi Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa katika pwani ya Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Sona ilitajwa miongoni mwa visababishi vilivyowezekana. Haikuthibitishwa, nami simtuhumu mtu. Ninachokitaka kwa msomaji ni kulinganisha tukio hilo na jingine lililotokea upande wa pili wa maji yetu. Mwaka 2008 nyangumi wadogo wapatao 100 waliingia katika wangwa wa Loza, kaskazini magharibi mwa Madagaska, wengi wakafa. Jopo huru la wanasayansi lilichunguza, na mwaka 2013 likatoa hitimisho: kilichoelekea zaidi kuwaingiza wanyama wale katika wangwa ni mtambo wa kupima kina wa hezi 12,000, uliokuwa ukitumiwa na meli ya upimaji kwa niaba ya kampuni ya mafuta ya ExxonMobil. Kampuni haikukubaliana na hitimisho hilo. Hata hivyo, jopo lilijua meli ilikuwa wapi, saa ngapi, na mtambo gani ulikuwa umewashwa. Liliweza kulinganisha saa ya mtambo na saa ya nyangumi.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka ituume. Meli ya biashara huacha nyayo. Mtafiti anaweza kuomba kumbukumbu zake, serikali inaweza kuzidai, mahakama inaweza kuziamuru. Manowari haiachi nyayo kwa mtu wa pwani. Ikiwa kesho asubuhi mvuvi wa Nungwi, wa Lamu au wa Mtwara atakuta pomboo mia wamelala mchangani, hakuna ofisi yoyote katika Afrika Mashariki yenye uwezo wa kisheria wa kumuuliza mwenye manowari ya kigeni: jana usiku ulikuwa wapi, na ulipiga sauti gani? Siri ya mpira imezaa siri ya sona, na siri ya sona imegeuka kuwa kinga dhidi ya maswali.

Kinga hiyo imeandikwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unatambua katika Ibara ya 1 kwamba uchafuzi wa bahari ni kuingiza baharini vitu au nishati yenye madhara. Sauti ni nishati. Kwa maneno hayo, ukelele unaoua nyangumi ni uchafuzi kama ulivyo mafuta yaliyomwagika. Lakini Ibara ya 236 inasema kwamba masharti ya kulinda mazingira ya bahari hayazihusu manowari. Dola yenye manowari inatakiwa tu kuhakikisha zinatenda kwa kupatana na masharti hayo kadiri inavyowezekana, bila kuathiri shughuli zake. Anayepima hiyo "kadiri" ni mwenye manowari mwenyewe. Na Ibara ya 20, inayoilazimu nyambizi kuibuka juu na kuonyesha bendera yake, inahusu bahari ya mamlaka ya nchi peke yake, yaani maili 12 za baharini. Baada ya hapo, hadi maili 200, ndani ya ukanda ambao samaki wake ni mali yetu kisheria, nyambizi hupita chini bila kubisha hodi.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba ukanda huo wa kiuchumi ni wazo lililotoka kwetu. Mwanasheria wa Kenya Frank Njenga ndiye aliyelipeleka mbele ya mataifa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1972 Kenya ikaliwasilisha rasmi katika Umoja wa Mataifa. Tanzania nayo haikuwa mtazamaji. Mwaka 1971 iliungana na Sri Lanka, iliyokuwa bado ikiitwa Ceylon, kuitaka dunia iitangaze Bahari ya Hindi kuwa ukanda wa amani. Mwezi Desemba mwaka huo Baraza Kuu lilipitisha azimio: nchi 61 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 55 zilijizuia kupiga kura. Miongoni mwa waliojizuia walikuwamo Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi ya Kisovieti. Wenye nyambizi hawakuthubutu kupinga amani hadharani. Waliinyima kura kisha wakaendelea na safari zao.

Tayari walikuwa wameshapata kituo. Mwaka 1966 Uingereza iliipa Marekani haki ya kujenga kambi katika kisiwa cha Diego Garcia, na sehemu ya malipo ilikuwa punguzo la dola milioni 14 katika bei ya makombora ya Polaris, yaani makombora ya nyambizi. Kati ya 1968 na 1973 wenyeji wote wa visiwa vya Chagos wakahamishwa kwa nguvu na kutupwa Mauritius na Shelisheli. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa ushauri kwamba Uingereza ina wajibu wa kuukomesha utawala wake juu ya visiwa hivyo upesi iwezekanavyo. Mkataba uliotiwa saini Mei 2025 unaitambua Mauritius kuwa mwenye mamlaka, na hapohapo unaiacha Diego Garcia kuwa kambi ya kijeshi kwa miaka 99. Mwenye kudhani kwamba nyambizi na watu wa Bahari ya Hindi ni mada mbili tofauti, na aizingatie biashara hiyo: taifa zima dogo lilihesabiwa katika bei ya silaha za chini ya maji.

Zipo hoja tatu ambazo hutolewa dhidi ya maneno kama haya, nazo zastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza husema kwamba vigae vya mpira ni kinga tu, havirushi risasi. Ni kweli kwamba kigae hakiui. Lakini simba mwenda kimya ndiye mla nyama. U-480 haikuvikwa mpira ili ikae salama bandarini. Ilivikwa ili iweze kukaribia meli na kuzizamisha. Kinga ya mshambuliaji ni sehemu ya shambulio.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na wanafunzi wa uhusiano wa kimataifa wataitambua. Inasema kwamba nyambizi isiyosikika ndiyo mlinzi wa amani ya nyuklia, kwa sababu hakuna atakayethubutu kuanza vita akijua kwamba jibu limejificha baharini, mahali asipoweza kulifikia. Siidharau hoja hii. Naomba tu ipimwe kwa tukio la Februari 2009. Usiku mmoja katika Bahari ya Atlantiki, nyambizi ya Uingereza HMS Vanguard na nyambizi ya Ufaransa Le Triomphant ziligongana. Zote mbili zinaendeshwa kwa nyuklia, zote mbili zimejengwa kubeba makombora 16 ya nyuklia, na nchi zao ni washirika. Hakuna iliyoisikia nyingine. Wanamaji wa Ufaransa kwanza walitangaza kwamba chombo chao kimegonga kitu kilichozama, huenda kontena. Serikali hizo zilisema kwamba hakuna mionzi iliyovuja, na tunashukuru. Lakini amani inayotegemea vyombo visivyoweza kusikiana, hata vikiwa vya marafiki, ni amani iliyowekwa rehani kwa bahati. Na katika rehani hiyo, sisi ni wadhamini tusiotia saini.

Tena hoja hiyo hujijibu yenyewe. Kama nyambizi kimya zinalinda amani, basi mitambo ya sona inayojengwa kuziwinda inaihujumu amani hiyo. Dola zilezile zinajenga vyote viwili, kwa kodi za wananchi walewale. Haziwezi kutuambia kwamba ngozi ya mpira ni ya amani, na ukelele unaoivunja ngozi ya mpira ni wa amani pia.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi, kwa kuwa hutolewa na watu wetu wenyewe, mara nyingi ofisini: kwamba sisi ni wadogo, hatuna la kufanya, wapiganapo tembo nyasi huumia. Methali hiyo ilitungwa kuwalaumu tembo, haikutungwa kuzifariji nyasi. Waliotuwakilisha mwaka 1971 na 1972 walitoka katika nchi maskini kuliko zilivyo leo, zilizokuwa na miaka kumi tu ya uhuru. Hawakungoja kuwa na manowari ndipo waseme neno juu ya bahari.

Kuna hoja ya nne ambayo haisemwi, nayo ningependa isemwe, kwa sababu inaweza kugeuza maarifa haya yawe na faida. Baharini kelele nyingi ya kila siku hutoka kwa meli za biashara, hasa rafadha zake. Maarifa ya kunyamazisha rafadha na mitambo yamekuwapo kwa miongo mingi, yamelipiwa na kodi za watu, na yamefungiwa katika makabati ya jeshi. Shirika la Kimataifa la Bahari lilitoa mwongozo wa kupunguza kelele za meli mwaka 2014, na likaurekebisha mwaka 2023, lakini ni mwongozo wa hiari, asiyetaka hafuati. Kwa hiyo tunaishi katika dunia ambamo chombo cha kubeba makombora hupita kimya, na meli iliyobeba ngano hunguruma kutwa na kucha juu ya nyangumi anayenyonyesha. Haikulazimishwa na sayansi iwe hivyo. Ni uamuzi uliofanywa na watu kuhusu ni ukimya wa nani unaostahili kugharamiwa.

Basi tufanye nini? Nawataja hasa ndugu zangu watumishi wa umma, kwa maana mengi ya haya hayahitaji sheria mpya wala fedha nyingi.

Kwanza, tuanze na wageni tunaowaalika. Nchi zetu hushiriki mazoezi ya kijeshi ya baharini pamoja na wakubwa. Yapo ya Cutlass Express yanayoongozwa na Marekani, na Aprili 2025 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mazoezi ya AIKEYME pamoja na India. Simaanishi kwamba katika mazoezi hayo kulitendeka kosa. Nasema kwamba mwenyeji ana haki ya kumuuliza mgeni kabla hajapiga hodi: utawasha sona? Ya masafa gani? Siku zipi, na umbali gani kutoka pwani? Kifungu kimoja katika makubaliano ya uenyeji kinatosha. Tunamtaka mwekezaji wa hoteli ya ufukweni afanye tathmini ya athari kwa mazingira. Itakuwaje aliye na sauti ya kufika mamia ya kilomita asiulizwe lolote?

Pili, tuiheshimu kalenda ya bahari. Nyangumi wa nundu hutoka maji ya baridi ya kusini na kuja katika pwani yetu kuzaa na kulea, takriban Julai hadi Oktoba. Wavuvi na waongoza watalii wa Watamu, Kizimkazi na Mafia wanajua. Katika miezi hiyo, sona za kelele zisikubaliwe katika mazoezi yoyote ambayo sisi ni wenyeji wake. Visiwa vya Kanari vimetuonyesha kwamba marufuku inayojulikana mipaka yake hufanya kazi.

Tatu, tuwe na utaratibu wa vifo. Pomboo au nyangumi akikutwa pwani, apimwe ndani ya saa chache, kabla jua halijaharibu ushahidi, masikio na ubongo wake vihifadhiwe, matokeo yatangazwe. Tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar, tunayo Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, na Kenya inayo taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi. Yatosha wajumbe wa vijiji vya pwani wajue namba ya kupiga, na anayepokea awe na gari na mafuta.

Nne, tusikilize. Vinasa sauti vya majini si silaha, na bei yake haiwezi kulinganishwa na ya manowari. Vichache vikitegwa kati ya Lamu na Mtwara vitatupatia kumbukumbu yetu wenyewe ya kilichosikika na saa kilichosikika. Kilichoipa nguvu ripoti ya Madagaska ni kumbukumbu za saa na mahali. Wanafunzi wa fizikia na uhandisi wanaotafuta mada ya utafiti, hii hapa. Haijachoshwa na mtu.

Tano, turudi Umoja wa Mataifa. Brazil, India, Malaysia na Cape Verde zilitamka wazi kwamba Mkataba wa Sheria ya Bahari haumruhusu mgeni kufanya mazoezi ya kivita katika ukanda wao wa kiuchumi bila ridhaa yao. Dola kubwa hazikubaliani na tamko hilo, lakini limebaki katika kumbukumbu za dunia, na hoja iliyoandikwa haiwi sawa na hoja iliyonyamaziwa. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 1985, Kenya mwaka 1989. Marekani, ambayo wanamaji wake huutaja kila wanapotetea uhuru wa bahari, haijauridhia hadi leo. Nani basi mwenye haki zaidi ya kuufasiri? Na tunao Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, uliotiwa saini 1985 na kurekebishwa 2010. Hakuna linalotuzuia kudai kwamba kelele iingizwe humo kama uchafuzi, kwa jina lake.

Nawasikia wanaosema kwamba manowari zitapuuza. Baadhi zitapuuza. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe iliamua kwamba maslahi ya mafunzo ya wanamaji yalikuwa na uzito kuliko madhara kwa nyangumi wa California, ikaondoa masharti yaliyokuwa yamewekwa na mahakama za chini. Lakini angalia kilichotangulia hukumu hiyo: raia waliuliza, jeshi likalazimika kujibu, kumbukumbu zikawekwa mezani mbele ya majaji. Walioshindwa katika kesi ile walipata jambo ambalo sisi hatujawahi kulipata, nalo ni jibu.

Hapo ndipo pa kuanzia. Mwaka huu wa bajeti, mbunge mmoja wa jimbo la pwani anaweza kusimama na kuiuliza wizara inayohusika swali lenye sehemu tatu: je, serikali huwataka wanamaji wa kigeni tunaowaalika wataje sona watakazotumia, je, upo utaratibu wa kuwachunguza nyangumi na pomboo wanaokufa pwani, na je, kipo kinasa sauti hata kimoja cha umma katika maji yetu? Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wanaweza kumwandikia mbunge huyo barua. Mtumishi wa umma atakayeandaa majibu ya waziri anaweza kuandika ukweli, hata kama ukweli huo ni neno "hapana" mara tatu.